Shimo la Udongo Mweusi Ndilo Linaloua Miwaridi ya Lubumbashi

Mwulize mtu yeyote mjini Lubumbashi namna ya kupanda mwaridi ulionunuliwa jana, awe muuza miche pembeni mwa barabara, awe mtunza bustani wa nyumba kubwa za mtaa wa Golf, awe jirani tu mwenye ua safi kule Kampemba, na jibu litakuwa lile lile. Chimba shimo. Udongo mwekundu tupa kando, maana haufai kitu. Jaza udongo mweusi, changanya samadi ya kuku, ingiza mche pole pole bila kugusa mizizi yake, kisha mwagilia asubuhi na jioni mpaka ushike. Ukifa, na mara nyingi unakufa, lawama ina pa kwenda: ardhi ya Katanga ni mbaya, imejaa shaba, na isitoshe waridi ni ua la nchi za baridi. Kila kipengele cha maelezo haya kina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo sababu yamedumu. Lakini yakiwekwa pamoja yanakuwa kanuni ya kuua. Ninachodai hapa ni kwamba mwaridi mpya wa Lubumbashi haufi kwa sababu umewekwa kwenye udongo mwekundu. Unakufa kwa sababu umefanyiwa kila hila ili usikutane na udongo huo.

Tuanze na kile hasa kinachonunuliwa. Mwaridi unauzwa ukiwa na majani ya kung'aa na ua moja au mawili yaliyokwisha kufunguka, kwa kuwa ua ndilo linalovuta mkono wa mnunuzi mfukoni. Chini kuna mfuko mweusi wa plastiki, na ndani yake mchanganyiko mwepesi wa mboji ambamo mizizi imeishi miezi kadhaa. Mzizi uliofika ukutani mwa plastiki haukuwa na njia. Uligeuka, ukafuata ukuta, ukajizungusha. Mche huo una maji ya siku moja, pengine mbili. Hauna ardhi. Kazi ya kupanda, basi, ni moja tu: kuitoa mizizi kwenye donge lile la mfukoni na kuipeleka kwenye ardhi ambamo mti utaishi miaka 10 au 20 ijayo. Chochote kinachoharakisha safari hiyo ni kizuri, na chochote kinachoichelewesha ni kibaya hata kama kina jina tamu la mbolea. Shimo la udongo mweusi linaichelewesha. Mzizi unaotoka kwenye mboji laini na kukuta mboji nyingine laini, yenye chakula cha bure, hauna haja ya kuvuka mpaka. Unajaza shimo, unafika kwenye ukuta mwekundu uliolainishwa na jembe ukawa kama umepigwa lipu, na pale unageuka kama ulivyogeukia plastiki. Aliyedhani amepanda bustanini amehamisha tu mche kutoka mfuko mdogo kwenda mfuko mkubwa.

Halafu inakuja mvua. Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na Machi. Shimo lililojazwa kitu chenye matundu makubwa, likizungukwa na ardhi iliyoshindiliwa, ni ndoo isiyo na tundu chini. Maji ya ua mzima hupenda kuingia humo kuliko kupenya kwingine, na yakishaingia hayaharakishi kutoka. Samadi mbichi ya kuku iliyofukiwa humo huanza kuoza bila hewa. Ng'oa mwaridi uliokufa mwezi wa Februari uone: donge linatoka zima, bado lina umbo la mfuko uliovuliwa mwezi Novemba, mizizi ya nje ni ya kahawia na ngozi yake inachubuka ukiivuta kwa vidole viwili, na kwenye sakafu ya shimo kuna tope jeusi linalonuka kama yai viza. Udongo mwekundu, umbali wa shubiri moja tu kutoka hapo, uko vizuri: una unyevu wa kiasi, unavunjika mkononi, na magugu yamepitisha mizizi myeupe ndani yake bila kuomba ruhusa. Mwenye nyumba hutazama maiti hiyo na kusema udongo mwekundu umeua tena.

Mtu wa kilimo ana haki ya kunikatiza hapa. Atasema kwamba udongo mwekundu wa nyanda zetu, ule ambao wataalamu wanauita feralisoli, unasifika kwa kupitisha maji: chembe zake za mfinyanzi zimeshikamana kwa oksidi za chuma zikawa punje ndogo ndogo, na maji hupita kati yake karibu kama kwenye mchanga. Ni kweli, na ni kweli hasa porini, chini ya miombo. Lakini hatupandi waridi porini. Tunapanda ndani ya parsele, yaani kiwanja, ambayo kabla ya bustani ilikuwa uwanja wa mafundi: matofali yalirundikwa pale, sementi ilichanganywa pale, lori lilirudi kinyumenyume pale. Baada ya hapo ua ukawa unafagiliwa kila asubuhi kwa miaka, mpaka sentimita chache za juu zikawa ngumu kama sakafu. Udongo huo umepoteza punje zake juu, si sifa yake yote. Dawa yake ni kuulegeza kwa uma au jembe kwa upana, mita moja au zaidi kila upande wa mche, na kuuacha pale pale ulipo. Anayechimba shimo jembamba lenye kina kirefu, halafu akatupa kilichotoka, ametibu sehemu ambayo haikuwa mgonjwa na kuiacha iliyo mgonjwa.

Hoja hii ilipimwa zamani, mbali na hapa. Mwaka 1975 Joseph Schulte na Carl Whitcomb, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma huko Marekani, walichapisha jaribio la kupanda miti ya mepo kwenye mashimo yaliyorudishiwa udongo wake wa asili na mengine yaliyoongezewa mboji na vitu vya namna hiyo. Nyongeza hizo hazikuisaidia miti kushika. Majaribio ya baadaye ya watu wengine yakaelekea upande huo huo, na leo hata chama kikuu cha bustani cha Uingereza, RHS, hakishauri tena kutia mboji kwenye shimo la mti au kichaka, ingawa kwa vizazi vingi hiyo ilikuwa sala ya kila mpanda miti kule. Najua pingamizi: mepo si mwaridi, na Oklahoma si Haut-Katanga. Nakubali. Lakini kinachofanya kazi ndani ya shimo si uraia wa mti. Ni maji yanayokutana na vitu viwili vyenye matundu tofauti, na maji hayana tabia moja Oklahoma na nyingine Katuba. Mchanganyiko wenye matundu makubwa ukiguswa na mfinyanzi wenye matundu madogo, siku za mvua unajaa na siku za jua unanyonywa na mfinyanzi huo mpaka ukauke. Ndiyo maana mwaridi ule ule unaweza kuzama mwezi Januari na kunyauka mwezi Mei huku ardhi ya pembeni yake ikiwa sawa nyakati zote mbili.

Na tukitaka ushahidi wa hapa hapa, tuuangalie ulio juu ya vichwa vyetu. Mijakaranda inayofanya barabara za mji kuwa za zambarau kila Septemba na Oktoba asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwembe ulitoka Asia, mparachichi ulitoka Amerika ya Kati. Hakuna mtu katika mji huu anayebadilisha udongo ili apande mwembe. Mtoto anatupa kokwa nyuma ya jiko, na baada ya miaka michache familia inagombania kivuli. Miti hiyo yote ilikutana na udongo mwekundu tangu mzizi wa kwanza. Mwaridi, eti kwa sababu umenunuliwa kwa pesa, ndio unaolindwa usikutane nao.

Sasa pingamizi zito zaidi: udongo mwekundu ni maskini. Sitalikwepa, kwa kuwa ni kweli na wakulima wa pembezoni mwa mji wanalijua kuliko mimi. Mahindi bila mbolea kwenye ardhi hii hayashibishi nyumba. Udongo huo una uchachu, yaani asidi, pH yake mara nyingi ikiwa karibu na 5, wakati mwaridi unastarehe kwenye 6 au zaidi kidogo. Oksidi zile zile za chuma zinazoupa rangi huikamata fosforasi na kuishikilia mizizi isiipate. Lakini mahindi na mwaridi mpya havina haja sawa. Mahindi yana siku 120 za kufanya kila kitu na kufa. Mwaridi uliotoka dukani, katika wiki zake za mwanzo, hauwezi kula hata ukiandaliwa karamu, maana kinacholisha ni ncha changa za mizizi na vinyweleo vyake, na hizo bado hazijaota. Chumvi za mbolea na amonia ya samadi mbichi ndizo zinazoiunguza ncha hiyo ikichomoza. Tena fosforasi nyingi ikiwa karibu huufanya mzizi uukatae urafiki na kuvu wa udongoni ambao wangeusaidia kuifuata fosforasi iliyofungwa mbali zaidi. Watu wa Lubumbashi wanaonunua uyoga wa porini kila majira ya mvua wanakula tunda la urafiki wa namna hiyo kati ya kuvu na miti ya miombo. Kuvu wa mwaridi ni wa ukoo mwingine na hawazai uyoga wa kuliwa, lakini kazi yao ni ile ile, na tunawafukuza kwa konzi ya mbolea.

Kuna sehemu moja ambapo wapinzani wangu wana nguvu, na ningekuwa mwongo nikiipita haraka. Fosforasi haisafiri. Ukiimwaga juu ya ardhi nyekundu itabaki juu, na mtu anaweza kusema: ikiwa huniruhusu kuiweka shimoni sasa, nitaifikisha lini mizizini? Chokaa nayo hushuka pole pole sana. Jibu ni kwamba sikatai kuirekebisha ardhi. Nakataa kuirekebisha kwa tundu. Ukitaka kupunguza asidi, chukua chokaa, na mkoa huu haukosi chokaa, mawe ya Kakontwe karibu na Likasi yamechomwa kwa kazi za migodi kwa miaka mingi, au tumia majivu ya kuni ambayo kila nyumba inayopikia kuni inayo, kwa kiasi, kisha uichanganye na kitanda chote kitakachobeba miwaridi, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kununua mche. Mboji iliyoiva nayo ichanganywe hivyo hivyo, kidogo, kitanda kizima. Mzizi unaovuka kutoka udongo ulioboreshwa kidogo kwenda udongo ulioboreshwa kidogo hauoni mpaka. Vitabu vya Kiingereza na Kifaransa vinavyosisitiza samadi kwa waridi, ambavyo wapinzani wangu hupenda kuvitaja, mara nyingi vinazungumzia kitanda. Ni sisi tuliovisoma kwa haraka tukaona shimo.

Udongo wa kichuguu unastahili neno lake, kwa kuwa ndio mtihani mzuri wa hoja hii. Vichuguu vikubwa vya mchwa aina ya Macrotermes falciger, vingine vikipita mita 5 kwenda juu, ni alama ya nchi yetu kama bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, na Basile Mujinya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamevichunguza kwa miaka mingi. Matokeo yao yanathibitisha kile wazee walikuwa wakikifanya bila maabara: udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi zaidi kuliko ardhi inayouzunguka, una kalsiamu nyingi zaidi, na asidi yake ni ndogo. Kwa mwaridi hiyo ni zawadi. Basi wapo wanaotupa udongo mwekundu na kujaza shimo kwa udongo wa kichuguu mtupu, wakidhani wamekwepa kosa la mboji. Hawajalikwepa, wameligeuza. Mfinyanzi huo ndio tunaofyatulia matofali, na kuna sababu matofali hayavuji. Ukiusaga na kuutandaza juu ya kitanda kizima, ukauchanganya na udongo wa juu, unapunguza asidi na kuongeza kalsiamu bila kujenga ukuta wowote. Ukiujaza shimoni, umeuchomea mwaridi chungu.

Shaba, je? Hapa lazima kusema mahali kwa jina, maana neno "Lubumbashi ina sumu" limekuwa koti la kumvisha kila mtu. Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa mwaka 1911 kando ya mto Lubumbashi, wakati wa kampuni ya Union Minière. Pepo zetu kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka mingi uliangukia upande wa kaskazini-magharibi, na Penga Penga ni mfano unaojulikana: ardhi iliyobaki uchi, ambapo hata nyasi zilishindwa. Shaba ikizidi udongoni huanza na mzizi kabla ya jani. Ncha inakuwa nene, fupi, haiendi popote. Anayeishi kwenye njia ya moshi ule ana kesi tofauti na simwambii aamini udongo wake. Apande juu, kwenye kitanda kilichoinuliwa au chungu kikubwa, na ajue kwamba amefanya hivyo kwa lazima. Lakini hata kule somo la wataalamu si shimo. Mylor Shutcha na wenzake, katika jaribio walilolichapisha mwaka 2010, walitumia nyasi tatu za kienyeji na viboreshaji viwili, chokaa na mboji, kuifunika ardhi ile. Waliitibu ardhi, kisha wakaiuliza ni mmea gani unaikubali. Nje ya njia ya moshi, katika sehemu kubwa ya mji, shaba ni kisingizio. Mwenye ua unaozaa matembele na maboga bila shida hawezi kudai kwamba ni shaba iliyoua mwaridi wake.

Kisingizio cha baridi ni chepesi zaidi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Waganda wamekuwa wakikuza waridi za kuuza Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, kwa mwinuko ulio chini kidogo ya huo na kwa joto lisilo na Juni wala Julai yetu. Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa, ilipeleka waridi Ulaya katika miaka hiyo hiyo kutoka mashamba ya kuzunguka Lusaka, mji ulioko karibu mita 1,300. Naivasha ya Kenya iko juu zaidi, karibu mita 1,900, na ndiyo inayotoa maua makubwa. Atakayesema kwamba hayo yote ni mashamba ya mahema ya plastiki yenye mabomba na wataalamu atakuwa amesema kweli, na mimi sidai kwamba ua wa Ruashi ni Naivasha. Nadai tu kwamba jua na hewa yetu havina hatia.

Tena wakulima hao wana jambo ambalo wapanda waridi wa mjini hawataki kulisikia. Wanaoishi kwa kuuza maua, wanaohesabu kila shina kwa pesa, hawauachi mche mpya uchanue. Tumba za kwanza zinakatwa, na mashina ya mwanzo mengi yanakunjwa kuelekea chini ili majani yabaki yakitengeneza chakula huku mti ukijenga chini. Sababu ni ya kihasibu: sukari inayotengenezwa na majani haitoshi kwa wote, na tumba linalokua linajikatia fungu kubwa kwanza. Wakati shina la ua linarefuka, mizizi inapunguza mwendo. Sasa mtazame mnunuzi wetu. Amechagua kwenye mstari mche wenye maua mengi kuliko yote, ameupanda Jumamosi ili wageni wa Jumapili wauone, na akiona tumba la tatu linatokeza anaongeza urea kwa furaha. Anakamua mti usio na mizizi. Kukata maua hayo siku ya kupanda, na tumba zote zitakazofuata kwa miezi miwili au mitatu, ndiyo mbolea ya kwanza ya kweli, na haina gharama. Majani yasiguswe. Wapo wanaofyeka nusu ya mti eti kusawazisha juu na chini. Hao wanakata jiko wakitarajia chakula kiongezeke.

Kwamba mizizi isiguswe ni amri nyingine inayotajwa kwa sauti ya heshima, kana kwamba donge la mfuko ni yai. Kwa mche wa nyanya wa wiki nne, sawa. Kwa kichaka chenye mizizi migumu iliyozunguka plastiki miezi mingi, kutoigusa ni kuihukumu iendelee kuzunguka. Donge litumbukizwe kwenye ndoo ya maji, mboji ya nje ioshwe mpaka mizizi ya pembeni ionekane, iliyozunguka inyooshwe nje kama vidole, ile minene isiyonyooka ikatwe kwa kisu safi. Halafu udongo mwekundu ule ule uliotoka pale urudi, umwagiwe maji ushikamane na mizizi yenyewe bila kukanyagwa kwa kisigino, na mahali kipandikizi kilipoungwa pabaki juu ya ardhi. Jambo hili la mwisho lina uhusiano na shimo kuliko inavyodhaniwa: mboji na samadi vikioza vinapungua ujazo, mti unadidimia, na baada ya mvua moja maungio yaliyokuwa juu yamezikwa. Ardhi iliyorudishwa ilivyokuwa inadidimia kidogo sana. Joto la Oktoba likisemwa kwamba litauua mche uliochokozwa hivi, nitakubali mara moja. Msipande Oktoba.

Tupande lini, basi? Desturi inasema mvua za kwanza, na ni desturi yenye mantiki kwa mtu asiye na bomba. Ila kwa mwaridi mvua za kwanza zinafuatwa na miezi mitatu ya maji mengi na majani yasiyokauka, na ugonjwa wa madoa meusi unaovua majani yale yale tunayoyategemea kulisha mizizi. Ningechagua mwishoni mwa Machi au Aprili. Ardhi imelowa mpaka chini kabisa, mvua kubwa zimepita, jua limelegea, na mbele kuna miezi ya baridi ambayo jani halidai maji mengi. Ardhi nyekundu ikianza kukauka inakaukia juu kwanza. Unyevu unabaki chini, na mizizi iliyoko ndani ya ardhi hiyo hukua mahali unyevu ulipo. Mizizi iliyofungwa kwenye udongo mweusi inabaki juu ikingoja ndoo ya jioni. Nitaambiwa kwamba kiangazi ni miezi ya bomba kavu na bidoni za kubeba kichwani, na kwamba ushauri wangu ni wa watu wenye visima. Lakini kinachoamua ni mahali maji yanapofika. Kumwagilia vikombe viwili asubuhi na jioni hulowesha sentimita chache za juu, sehemu kubwa huenda hewani, na mizizi hufundishwa kukaa pale pale maji yanapokwisha. Lita 10 zilizomiminwa polepole, kwanza juu ya donge lenyewe mara mbili kwa wiki katika mwezi wa mwanzo, halafu mara moja kwa wiki na kwa mduara unaopanuka, ni maji yanayoweza kuzidi yale ya vikombe, lakini yanafika mbali zaidi. Matandazo ya nyasi kavu juu ya kitanda yatapunguza hata hayo, mradi yasiguse shina, kwa kuwa mchwa wa mji huu hawahitaji mwaliko wa pili.

Imebaki kueleza kwa nini imani ya udongo mweusi haitikisiki ingawa kila mwaka inazika miwaridi. Sababu moja ni biashara, na siilaumu: anayeuza mche anauza na gunia la udongo mweusi uliochotwa mabondeni, na pengine na mfuko wa samadi, na mche ukifa atauza tena vyote vitatu. Sababu ya pili ni kwamba kanuni ile inafanya kazi kwa macho. Mwaridi uliopandwa kwenye mboji hunawiri wiki sita. Majani yanakuwa ya kijani kibichi, maua yanafuatana, majirani wanauliza umenunua wapi. Uliopandwa kwenye ardhi nyekundu na kukatwa tumba zake unaonekana kama mtoto aliyenyolewa, majani machache, hakuna ua, hakuna wa kuuliza. Kazi yake yote iko chini, na hakuna anayepiga picha ya mzizi. Asiyeweza kuvumilia miezi hiyo anataka maua, na hilo si kosa, lakini hana haja ya shimo. Auache mwaridi kwenye mfuko wake wa plastiki, auweke barazani karibu na mlango, aumwagilie kila siku, na ukichoka anunue mwingine; itamgharimu kidogo kuliko gunia, samadi na fundi wa kuchimba.